Sadaka ya Farasi

Papa Alfani, fundi cherehani wa Kabondo, alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa katika famasia yoyote ya Kisangani: hakuweza kutaja bei mbele ya mtu wa heshima. Wateja wa kawaida aliwatajia vizuri, tena kwa ukali, na suruali aliishikilia mpaka alipwe. Lakini akiingia mtu mwenye suti, au mwenye kitabu kwapani, mkono wa kulia wa Papa Alfani ulipanda wenyewe hadi kifuani, shingo ikainama, na mdomo ukatoa maneno ambayo nyumba nzima ingekuja kuyajutia.

Basi Alhamisi ile alipoingia Pasta Cyprien wa Kanisa la Lango Jipya, ambaye alikuwa na suti na kitabu vyote viwili, Mama Hadidja aliyekuwa uani akichambua majani ya pondu, yaani kisamvu, aliweka beseni chini, akasikiliza. Alimjua mumewe. Nyuma ya Pasta walikuwa Mama Colette, mkubwa wa akina mama wa kanisa, na Jeancy, dereva wa pikipiki ya abiria, mwimbaji wa kwaya, mtu mrefu mwenye ndevu.

Wageni walikaa. Pasta alisifu cherehani, akasifu mapazia, akauliza habari za mgongo wa mwenye nyumba, kisha akafika penyewe.

"Papa Alfani, dimanche ni siku ya matawi. Bwana Yesu aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda. Sisi kila mwaka tulikuwa tunamuingiza kwa miguu. Mwaka jana tulimupandisha toleka, baiskeli ya abiria."

"Na toleka yenyewe ilitoboka pneu," alisema Mama Colette. "Yesu alishuka akasukuma vélo. Watu wanacheka mupaka leo."

"Donc tumesikia wewe uko na mpunda," Pasta alimalizia.

"Ile haiko punda, Pasta. Ni farasi. Farasi mudogo."

"Kwa Lingala yote iko mpunda," alisema Pasta.

Farasi mwenyewe alikuwa amefungwa uani chini ya mti wa matunda ya safu, akitafuna kwa utulivu ndala ya mtu. Aliitwa Kapita. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa, tumbo nene na miguu mifupi, na Kabondo nzima haikuwa na mwingine. Mfanyabiashara mmoja aliyehama mji alimwacha kwa Papa Alfani kuwa malipo ya mapazia ya nyumba nzima, na wakati ule Mama Hadidja hakusema na mumewe siku tatu. Siku hizi alikuwa wa kwanza kumpelekea majani asubuhi, kwa sababu Kapita ndiye aliyekuwa miguu ya binti yao Karima.

"Na bei?" aliuliza Pasta. "Utuambie bila haya. Tutarudisha na asante."

Kwa kweli alisema hivyo, tutarudisha na asante, na baadaye hakuna aliyelikumbuka neno hilo isipokuwa Mama Hadidja. Mkono wa Papa Alfani ulikuwa umeshaanza safari.

"Pasta, mambo ya Mungu haina bei. Muchukue tu. Hii iko sadaka."

Mama Colette alimtazama Pasta. Pasta alivua miwani.

"Sadaka?"

"Sadaka," alisema Papa Alfani. "Kwa roho safi."

Sasa, kwa Papa Alfani sadaka ni wema wowote ule: kumwonyesha mgeni njia, kumpa mtu maji, kumwazima jirani ngazi yako. Neno hilo alilitoa mara tano kwa siku bila kulifikiria. Kwa Pasta Cyprien, sadaka ni kile kinachoingia kikapuni Jumapili, kikaombewa, kikawa cha Mungu. Ni neno moja, wote wawili walilinyonya kwa mama zao, na kila mmoja alilisikia vizuri kabisa. Wageni walisimama, wakamwombea Papa Alfani, wakaiombea cherehani, wakatoka uani wakamwombea na farasi, ambaye aliendelea na ndala.

Walipoondoka, Mama Hadidja aliingia na mikono yake ya kijani.

"Papa Karima, umewaambia nini wale watu?"

"Nimewaazima farasi kwa dimanche."

"Neno. Umesema neno gani?"

"Nimesema ni sadaka. Kwani si sadaka?"

"Mimi nauzisha mikate mbele ya kanisa yao miaka kumi na mbili. Kwao sadaka inaingia, haitokaki. Uwafuate sasa hivi uwaambie ni ya kuazima."

"Nikimbie barabarani nyuma ya Pasta? Kama mutu anamudai pesa ya chenji?"

"Ndiyo, kama huyo kabisa."

Papa Alfani alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie zaidi. Hakwenda.

* * *

Jumamosi mchana Jeancy alikuja kujifunza. Alichaguliwa kuwa Yesu kwa sababu ya ndevu. Katika kwaya nzima ni yeye peke yake aliyekuwa nazo. Mwalimu wake alikuwa Karima, aliyekaa kwenye kigoda na mkongojo wake magotini. Karima alikuwa na miaka kumi na minane, mguu wa kulia mwembamba tangu utotoni, na mdomo ambao haukuwahi kuugua. Alikuwa darasa la mwisho la ualimu, na mwezi ule alifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ng'ambo ya kijito. Sheria ya mazoezi ilikuwa fupi: ukichelewa mara tatu, unafutwa, na ukifutwa hufanyi mtihani wa serikali.

Pikipiki zilikuwa zimemwangusha mara mbili, maana mguu ule haukuweza kushika. Ndipo Papa Alfani alipomshonea kiti cha kufunga juu ya farasi: godoro la zamani, kitambaa cha sofa chenye maua, mgongo wa mbao na mikanda minne. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizopata kushona, na hakuna aliyemlipa.

"Bon," alisema Jeancy akimzunguka Kapita. "Frein ya kusimamisha iko wapi?"

"Haina frein. Unavuta kamba."

"Vitesse, gia ngapi?"

"Moja."

"Ya kurudi nyuma, marche arrière?"

"Akitaka mwenyewe."

Papa Alfani alitia kamba mkononi mwa Jeancy, akamwonyesha namna ya kuishika bila kubana. Jeancy alipanda. Miguu yake ilifika chini pande zote mbili, hivyo kwa muda haikueleweka ni nani amembeba mwenzake. Aliikunja. Kisha, kwa mazoea, alipiga kisigino upande wa kulia, akasubiri.

"Inakataa kuwaka," alisema.

"Lazima useme Bismillahi," alisema Karima.

"Mimi? Kesho niko Yesu."

"Hata ukiwa nani. Mimi kila asubuhi kabla ya kutoka nasema Bismillahi, sasa yeye amejua ndiyo saa ya kutoka. Bila hiyo atasimama hapo mupaka mvua."

Jeancy alitazama huku na huku, akanong'ona. Kapita hakusikia. Alirudia kwa sauti ya kawaida, na farasi akaenda hatua kumi na mbili moja kwa moja hadi kwenye beseni la pondu, akatia kichwa. Mama Hadidja alimpiga kwa kanga, akamkosa, akampata Yesu.

"Umefaulu," Karima alimwambia Jeancy. "Lakini usikilize, kaka. Kesho kutwa, lundi, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi anatakiwa hapa. Mimi sina njia ingine."

"Nimesikia," alisema Jeancy.

* * *

Jumapili kwaya ilisimama mbele, akina mama wakatandika vitenge barabarani, matawi ya mchikichi yakainuliwa, ngoma ikaanza. Jeancy katika kanzu nyeupe alikuwa juu ya kiti chenye maua, magoti karibu na masikio. Kila kitu kilisogea isipokuwa farasi. Kwaya ilifika mita ishirini, ikagundua imemwacha Bwana wake, ikarudi.

"Hosana," alisema Pasta kwa meno yaliyofungwa, akisukuma kwa nyuma.

Jeancy alinong'ona lile neno. Ngoma ilimmeza. Alinong'ona tena. Mwishowe Pasta aliinua mkono kunyamazisha ngoma ili aulize tatizo ni nini, na Jeancy, ambaye hakuona mkono ule, alipaza sauti kwa nguvu zake zote katika ukimya uliotanda: "Bismillahi."

"Rahmani Rahimi," waliitikia kwa mazoea wazee wanne waliokuwa wakinywa chai kando ya barabara.

Kapita akaondoka. Ngoma ikalipuka, watu wakapiga kelele za furaha, na kama kuna aliyeshangaa hakupata nafasi ya kusema. Tatizo lililofuata lilikuwa vitenge. Kapita alikuwa amefundishwa na Mama Hadidja, kwa fimbo, asikanyage nguo zilizoanikwa chini. Kila kitenge kilichotandikwa alikizunguka kwa adabu. Akina mama walihisi wamedharauliwa. Wakaviokota na kukimbia kuvitandika tena mbele yake, naye akavizunguka tena, na msafara mzima ukawa unakwenda upande upande hadi kanisani.

Papa Alfani alikuwa amesimama nyuma kabisa, katika kanzu iliyopigwa pasi, akisubiri imalizike amrudishe farasi nyumbani. Ndipo aliposikia jina lake kwenye kipaza sauti.

"Wapendwa, mumuone huyu papa. Yeye iko Mwislamu. Hakuna mutu alimulazimisha. Tulimuuliza bei, akasema: Pasta, hii iko sadaka. Leo farasi hii imetolewa kwa Bwana. Si kwa siku moja. Imetolewa."

Makofi. Watu mia tano walisimama. Akina mama walipiga vigelegele, mtu alimvalisha Papa Alfani kitenge kipya mabegani, na mikono ikamsukuma mbele hadi chini ya mimbari.

Alielewa palepale. Niseme ukweli wake, maana yeye mwenyewe alikuja kuusema. Alielewa, na mdomo aliufungua, na neno kuazima lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini katika miaka yake hamsini na minne hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Fundi akishona vizuri watu husema nguo imekaa; akishona vibaya ndipo husema fundi. Wimbi la pili la makofi lilikuja, kubwa kuliko la kwanza, likampita mwilini kama maji ya moto yanavyopita mtu mwenye baridi. Mdomo ulijifunga. Aliinama mara moja, kisha, kwa kuwa waliendelea, akainama tena.

Alirudi nyumbani na kitenge.

"Kapita iko wapi?" aliuliza Karima.

"Amechoka. Atakuja asubuhi."

Mama Hadidja alikitazama kitenge, akamtazama mumewe, akaingia ndani bila kuuliza, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuulizwa.

* * *

Jumatatu saa kumi na mbili kamili Papa Alfani alikuwa kwenye uwanja wa kanisa. Kapita alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kengele, akiwa amevikwa shuka la zambarau. Mama Colette alikuwa akifagia.

"Papa Alfani. Umekuja kumusalimia?"

"Nimekuja kumuchukua. Mutoto anaenda masomo."

Mama Colette aliacha kufagia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikitika kweli, na alisikitika.

"Papa, iliisha kuombewa. Na mafuta tulimupaka, hapa kwenye kipaji cha uso. Kitu ya Mungu ikirudishwa nyuma, laana inaifuata. Mimi sipendi laana ikupate, mutu muzuri kama wewe."

"Mama Colette, mimi nilikuwa..."

"Jana nililia, unajua? Nilisema, kumbe Waislamu wako na moyo vile."

Papa Alfani alitafuta sentensi, akakuta zote zinaanza kwa kumwambia mwanamke huyu kwamba alilia bure. Mama Colette aliingia kwenye chumba cha vyombo, akatoka na kile kiti chenye maua.

"Hii kiti haikuwa ndani ya sadaka," alisema. "Sisi hatuibi kitu ya mutu."

Alirudi Kabondo amekibeba. Karima alikuwa mlangoni, sare imenyooka, daftari la masomo kifuani. Aliona kiti, hakuona farasi.

Papa Alfani aligeuka, akajifunga kiti mgongoni kwa ile mikanda minne, miwili begani na miwili kiunoni, akapiga magoti. Fundi hupima vizuri, kilimkaa. Mama Hadidja alimpandisha binti yake, akamfunga.

"Bismillahi," alisema Karima kwa mazoea, na baba yake akaondoka.

Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita tatu, na Kabondo huamka mapema. Muuza chai alisimama na birika hewani. Madereva wa toleka walimpigia kengele wampe njia. "Papa Alfani, leo wewe ndiye mpunda?" mtu aliuliza, na mwingine akataka kujua kama anakodishwa na ni kiasi gani kwenda sokoni. Papa Alfani alitazama chini. Kwenye kijito alivua viatu, akavishika kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa imeshika magoti ya Karima.

"Papa," alisema Karima kutoka juu, walipovuka. "Walipopiga makofi, ulisema nini?"

Alitoa viatu mdomoni. "Sikusema kitu."

"Ndiyo hiyo ninauliza."

Shuleni watoto wa darasa la tatu walijipanga kwenye uzio. "Mwalimu amekuja juu ya papa yake," walitangaza, na kengele ilikuwa imelia dakika tisa zilizopita. Mkurugenzi wa shule aliandika kwenye karatasi: moja.

* * *

Jumanne walifika kwa wakati, kwa kutoka mapema. Jumatano mvua ilinyesha, wakaanguka kwenye utelezi, Karima akafundisha somo la ndege na mazingira yao akiwa na tope hadi kiunoni. Mkurugenzi aliandika: mbili. Usiku Papa Alfani alilala kifudifudi, na mkewe akamsugua mgongo kwa mafuta ya mawese, si kwa huruma sana.

"Enda useme," alimwambia. "Neno moja tu."

"Nitaonekana mutu gani?"

"Mutu mwenye farasi."

Alhamisi Pasta Cyprien alikuja mwenyewe, na karatasi iliyopigwa muhuri. Habari za fundi anayembeba mwanawe zilikuwa zimemfika, na kamati ya farasi ilikuwa imekaa. Kulikuwa na kamati ya farasi. Ilikuwa na watu tisa. Waliamua, kwa upendo, kumwazima Papa Alfani farasi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi farasi angebaki kwa Bwana.

Mkono wa Papa Alfani ulipanda kifuani. Shukrani ilikuwa mlangoni.

"Nisome kwanza," alisema Karima, akachukua karatasi, akasoma kwa sauti ya darasani. "Mwenye mali: Mungu, kupitia Kanisa la Lango Jipya. Mwenye kuazimwa: Alfani, fundi. Mupanda farasi mupya: Karima." Aliinua macho. "Mupya ni mimi?"

"Ni lugha ya kamati tu," alisema Pasta.

"Utie sahihi," alisema Mama Hadidja. Alikuwa amechoka. "Mutoto afike masomo, mengine tutaona."

"Papa akitia sahihi hapa," alisema Karima, "hatasema tena hata siku moja kama Kapita ni yetu. Hata wajukuu wake watakuwa wanaazima." Alitoa kalamu nyekundu ya mazoezi, akasahihisha makosa manne ya tahajia, akaandika juu kwenye pembe 11/20, akamrudishia Pasta karatasi kwa mikono miwili kama inavyompasa mtoto mbele ya mtu mzima.

Pasta aliitazama alama ile kwa muda. Kwa kweli ilimuuma, maana ndiye aliyeandika. Alisema ataonana nao baada ya Pasaka, akatoka. Papa Alfani alikaa kwenye cherehani bila kuikanyaga. Alikuwa akingoja binti yake amkaripie, lakini Karima alifungua daftari akaanza kuandaa somo la kesho. Mtoto alikuwa amekataa kwa niaba yake kitu ambacho yeye alipaswa kukikataa, tena siku nne mapema. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

* * *

Ijumaa walitoka alfajiri, wakafika kwa wakati. Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa hadi madirishani. Wakati wa ushuhuda ulipofika, mtu aliingia kwa mlango mkubwa akiwa amebeba mtu. Papa Alfani alikuwa amevaa kanzu, na juu ya kanzu mikanda minne ya kile kiti, na mgongoni Karima, katika hijabu yake ya shule, mkongojo mkononi. Walipita katikati taratibu. Kapita alikuwa amesimamishwa kando ya mimbari na shuka lake la zambarau, shada la maua shingoni, ambalo sehemu yake alikuwa ameshaila.

"Mumuone," alisema Pasta, aliyeshtuka lakini hakuwa mtu wa kuacha kipaza sauti kipoe. "Mutu ya sadaka. Papa Alfani, karibu."

Makofi.

"Musipige makofi kwanza," alisema Papa Alfani alipopewa kipaza sauti. Watu walicheka, wakapiga.

Alisubiri.

"Dimanche ile nilidanganya. Sikudanganya kwa kusema, nilidanganya kwa kunyamaza. Mimi kusema sadaka, nilitaka kusema muchukue siku moja, murudishe. Pasta alipotangaza, nilijua hatukusikilizana. Nilijua palepale. Lakini nyinyi mulipiga makofi. Miaka yangu hamsini na ine, hakuna mutu alinipigia makofi. Ilikuwa tamu." Alimweka Karima vizuri mgongoni, akaendelea. "Nikaacha miguu ya mutoto yangu hapa, nikaenda nyumbani na kitenge. Farasi ile haikuwa yangu ya kutoa. Ni hiyo tu."

Kisha mama mmoja upande wa kushoto alipiga kigelegele, na kanisa lote likasimama likampigia makofi ambayo yale ya Jumapili iliyopita yalikuwa mchezo wa watoto. Watu walilia. "Ushuhuda," walisema, "huo ndio ushuhuda." Kwaya ilianza wimbo wa toba. Pasta alimshika bega akaanza kumwombea. Watu mia tano waliguswa hadi ndani ya mioyo, na hakuna hata mmoja aliyepiga hatua kuelekea kwa farasi.

Aliyepiga hatua alikuwa Jeancy. Alitoka kwenye mstari wa kwaya, akafungua kamba ya farasi, akamvua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka mezani.

"Jeancy," alisema Pasta, akiacha sala katikati. "Unaenda wapi na kitu ya Mungu?"

"Pasta, mimi ndiye nilipewa." Jeancy hakuzoea kusema mbele ya watu, aliimba tu, tena sauti ya tatu. "Papa Alfani alitia kamba mukononi mwangu, si mwako. Moto, pikipiki ninayoendesha, haiko yangu, iko ya patron, tajiri yangu. Siku nzima watu wananiita chef juu yake, magaribi ikifika narudisha. Siwezi kumuambia patron niliiombea. Hii nayo ni ya mutu. Nimechelewa siku saba."

Katika kanisa lile madereva wa pikipiki walikuwa wengi, nyuma, karibu na mlango, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pikipiki yake. "Ni kweli," alisema mmoja. "Anasema kweli, Pasta," alisema mwingine. Kauli hiyo ilizunguka benchi kwa benchi kwa sauti ya chini, na Pasta Cyprien, ambaye aliwajua waumini wake, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, wala hakumzuia.

Mama Colette alikuja akafungua mikanda. Walihamisha kiti kutoka kwa baba hadi kwa farasi, kisha wakampandisha Karima pamoja, yeye na Jeancy.

"Laana ikikuja," alimnong'oneza Karima, "nitasema ilikuwa mimi."

"Aksanti, mama," alisema Karima, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa na la kuongeza.

Walianza kutoka. Papa Alfani alishika kamba, mgongo mwepesi kiasi kwamba alihisi ataruka. Walikuwa wamefika benchi la katikati Pasta alipopata tena sauti yake.

"Wapendwa," ilitoka kwenye vipaza sauti vyote vinne, "leo kanisa limetoa. Kanisa la Lango Jipya limetoa farasi, sadaka, kwa ndugu zetu Waislamu. Tuwapigie makofi."

Yalipigwa. Yalitoka kulia na kushoto, matawi makavu ya wiki iliyopita yakapungwa, mikono ikanyooshwa kumgusa. Papa Alfani alipunguza mwendo. Ilikuwa adabu tu, alijiambia, mtu hawezi kutoka nyumba ya watu bila kusema neno, angegeuka kidogo, angesema asante, ingekuwa dakika moja.

"Papa, tembea," alisema Karima kutoka juu. "Usigeuke. Ukigeuka watakupigia tena, na mimi nakujua."